Omeprazoli miaka minne mfululizo: niache au niendelee?

"Daktari, habari za kazi. Nina miaka 49, nauza nafaka soko la Majengo hapa Dodoma. Miaka minne iliyopita nilienda zahanati nikiwa na maumivu kwenye chembe cha moyo na kiungulia. Nikaambiwa ni vidonda vya tumbo, nikapewa omeprazoli. Nilipata nafuu haraka, na tangu hapo nanunua mwenyewe duka la dawa, kapsuli moja asubuhi na moja usiku. Nameza baada ya kula ili isinichome. Nina presha na natumia dawa yake. Goti likinisumbua natumia diklofenaki, karibu kila wiki. Mwezi uliopita nilitumiwa ujumbe wa WhatsApp unaosema omeprazoli inaua figo, inaleta saratani ya tumbo na ugonjwa wa kusahau. Nikaogopa, nikaacha siku hiyohiyo. Siku ya tatu moto ulirudi kuliko ule wa mwanzo, nikakesha nimekaa kitandani. Nikairudia. Je, mwili wangu umeshakuwa mtumwa wa dawa? Niache, au ndiyo nitakunywa mpaka kufa? Jirani ananishauri maziwa na juisi ya kabichi."

Mama, pole sana kwa usiku huo. Barua yako nimeisoma mara mbili. Umeuliza kama dawa inakudhuru na kama mwili umeshindwa kuishi bila hiyo dawa, na yote mawili nitayajibu. Lakini kuna swali la tatu ambalo hukuliuliza, na mimi ndilo linalonisumbua zaidi: unaumwa nini hasa? Kwa miaka minne umemeza dawa ya ugonjwa ambao hakuna aliyeuona wala aliyeupima. Hilo sikulaumu wewe. Uliambiwa jina la ugonjwa, ukapewa dawa, ukapona, na hakuna aliyekwambia siku ya kuacha.

Nianze na hilo jina. Kwetu "vidonda vya tumbo" limekuwa jina la kila maumivu yanayokaa kati ya kitovu na kifua. Kiungulia tunaita vidonda, gesi tunaita vidonda, tumbo kujaa baada ya ugali tunaita vidonda. Kidonda halisi ni shimo dogo kwenye ukuta wa tumbo au mwanzo wa utumbo mwembamba, na anayeweza kusema kwa uhakika kwamba kipo ni aliyekiangalia kwa kamera. Maharage hayatoboi tumbo. Mawazo na kushinda na njaa vinaweza kuzidisha maumivu, ila vyanzo vikubwa vya vidonda ni viwili: bakteria aitwaye Helicobacter pylori, na dawa za maumivu za jamii ya diklofenaki, ibuprofeni na asprini. Zamani hata sisi madaktari tuliwaambia wagonjwa kwamba chanzo ni mawazo. Ilibidi daktari wa Australia, Barry Marshall, anywe mchanganyiko wenye bakteria hao mwaka 1984, tumbo lake likavimba kwa ndani, ndipo wenzake waanze kumsikiliza. Yeye na Robin Warren walipewa tuzo ya Nobel mwaka 2005.

Kwako jambo hili lina maana kubwa. Kama kweli una kidonda cha bakteria, tiba yake ni dozi ya siku 14 ya antibayotiki mbili au zaidi pamoja na omeprazoli, kisha kinapona. Omeprazoli peke yake hufunika moto huku bakteria wakiendelea kukaa. Na kama tatizo lako ni kiungulia tu, yaani asidi inayopanda kwenye koo la chakula kwa sababu mlango wa juu wa tumbo umelegea, basi huna kidonda, na safari yake ni nyingine kabisa.

Sasa tuje kwenye dawa yenyewe. Ukuta wa tumbo una chembe zenye pampu ndogo mno zinazomwaga asidi. Zifikirie kama pampu za visima vya Mzakwe vinavyotuletea maji mjini: ziko nyingi, na hazifanyi kazi zote kwa wakati mmoja. Chakula kinapoingia ndipo nyingi zinaamka. Omeprazoli haitulizi asidi iliyokwisha kumwagwa tumboni. Inapita tumboni ikiwa imevikwa gamba, inanyonywa kwenye utumbo, inaingia kwenye damu, kisha inarudi kuzifunga pampu kutokea upande wa damu. Inafunga zile zilizoamka tu, na ikiishafunga pampu, pampu hiyo haifunguki tena. Mwili hulazimika kutengeneza mpya. Ndiyo maana kapsuli moja inatosha karibu siku nzima ingawa dawa yenyewe hukaa kwenye damu kwa saa chache, na ndiyo maana nguvu yake kamili huonekana baada ya siku tatu hadi tano.

Kwa hiyo kumeza baada ya kula ni kuchelewa. Inatakiwa nusu saa hadi saa moja kabla ya chakula, ili pampu zinapoamka zikute dawa imeshafika. Na kapsuli usiifungue ukatafuna chembechembe zilizo ndani, kwa sababu asidi itaiharibu dawa kabla haijafika inakokwenda. Wapo wengi wanaoongezewa kapsuli ya pili ya usiku kwa sababu tu ile ya kwanza inamezwa vibaya. Nadhani nawe ni mmoja wao.

Hapo ndipo napata jibu la huo utumwa. Asidi inapopungua kwa muda mrefu, mwili haukai kimya. Unatuma homoni iitwayo gastrini kuhimiza tumbo litoe asidi zaidi, na chembe zinazotengeneza asidi nazo zinaongezeka nguvu. Dawa ikiwepo huoni kitu, kwa sababu pampu zimefungwa. Siku ukiiacha ghafla, pampu mpya zinafunguka huku amri ya "ongeza, ongeza" bado ipo. Asidi inapanda kupita ile uliyokuwa nayo kabla hujaanza dawa. Nchini Denmark watafiti waliwachukua watu 120 wazima, wasio na ugonjwa wowote wa tumbo, nusu wakapewa esomeprazoli, ndugu ya omeprazoli, kwa wiki nane na nusu vidonge visivyo na dawa. Walipoacha, asilimia 44 ya waliotumia dawa walipata kiungulia au maumivu ya asidi, dhidi ya asilimia 15 ya wenzao. Hawa ni watu ambao hawakuwahi kuumwa.

Kwa hiyo moto wa siku ya tatu haukuthibitisha kwamba ugonjwa wako umezidi, wala kwamba huwezi kuishi bila dawa. Kwa sehemu kubwa ulikuwa ni mwili kurudisha kilichozuiwa, na hali hiyo hupoa yenyewe, kwa wengi ndani ya wiki mbili hadi nne, kwa wengine wiki kadhaa zaidi. Huu sio uraibu kama wa sigara au pombe.

Nije kwenye ule ujumbe wa WhatsApp. Sitaki kuudharau, kwa sababu umechanganya kweli na chumvi. Habari nyingi za kutisha zimetokana na tafiti za kuangalia kumbukumbu za wagonjwa: wanaotumia dawa hizi wamekutwa na magonjwa mengi kuliko wasiotumia. Lakini ukiingia wodini leo ukahesabu, utakuta wenye dripu ndio wanaokufa zaidi kuliko wasio na dripu, na hakuna atakayesema dripu ndiyo iliyowaua. Anayetumia omeprazoli kwa miaka mara nyingi ni mtu mzima, mwenye dawa nyingine na maradhi mengine. Njia ya kuaminika zaidi ni kugawa watu kwa bahati nasibu. Hilo lilifanyika kwenye utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2019: watu 17,598 wenye ugonjwa wa mishipa ya moyo na damu, wengine wakapewa pantoprazoli, dawa ya jamii hiihii ya omeprazoli, wengine kidonge kitupu, wakafuatiliwa kama miaka mitatu. Figo, kusahau, kuvunjika mifupa, nimonia na saratani havikuonyesha tofauti ya kuaminika. Kilichotofautiana ni maambukizi ya tumbo na utumbo: asilimia 1.4 kwa waliotumia dawa, 1.0 kwa wasiotumia. Miaka mitatu si kumi, hilo nakubali, lakini ushahidi huo ni mzito kuliko ujumbe uliosambazwa.

Hilo la maambukizi, kwa sisi wa Tanzania, nalichukulia kwa uzito kuliko wenzetu wa Ulaya. Asidi ya tumbo ni mlinzi wa mlangoni. Vimelea vingi vya kuhara, wa kipindupindu wakiwemo, hufia pale. Ukimwondoa mlinzi, inahitajika idadi ndogo zaidi ya vimelea kukuangusha. Maadamu unatumia dawa hii, chemsha maji ya kunywa, osha matunda hata kama ni zabibu ulizonunua sasa hivi barabarani, na msimu wa mvua kuharisha kukiwa kukali usisubiri, nenda hospitali.

Asidi pia husaidia kutoa vitamini B12 kwenye nyama, samaki na maziwa, na husaidia kunyonya madini ya chuma yaliyomo kwenye mboga. Kwa mtu anayekula ugali wa mtama na mlenda siku nyingi na nyama kwa nadra, kupunguza asidi kwa miaka kunaweza kumpunguzia damu taratibu. Hatari ya B12 huongezeka baada ya kama miaka miwili ya matumizi, na ni kubwa zaidi kwa mwenye kisukari anayetumia pia metformini. Dalili ni uchovu, ganzi ya miguu, ulimi kuuma. Magnesiamu nayo inaweza kushuka, mara chache lakini kwa hatari, hasa kama dawa yako ya presha ni ile inayokupeleka chooni kukojoa mara kwa mara: misuli hukaza, mwili hutetemeka, moyo huenda mbio. Mifupa kuvunjika kumehusishwa na dozi kubwa za muda mrefu, ongezeko likiwa dogo. Ila kwa mama anayekaribia kukoma hedhi, dagaa na maziwa mezani, jua na kutembea ni mambo ninayoyasisitiza bila kusubiri utafiti mwingine.

Saratani ya tumbo je? Hofu ilianza kwa panya wa maabara, ambao gastrini iliyopanda iliwaletea uvimbe. Kwa binadamu kuna tafiti zinazoonyesha uhusiano, zaidi pale ambapo H. pylori alikuwepo, na kuna nyingine zisizouona. Ninachokijua kwa uhakika ni kwamba huyo bakteria mwenyewe ndiye kisababishi kikubwa cha saratani ya tumbo. Ndiyo sababu nyingine ya kupima na kumwondoa badala ya kukaa naye miaka minne chini ya omeprazoli.

Sasa figo. Ni kweli omeprazoli inaweza, kwa nadra, kusababisha mzio unaovimbisha figo. Lakini mama, soma tena barua yako mwenyewe. Una presha, na karibu kila wiki unameza diklofenaki. Diklofenaki hupunguza damu inayofika kwenye figo, hupandisha presha, hupingana na baadhi ya dawa za presha, na huchubua tumbo lilelile unalolitibu. Umeogopa omeprazoli, na diklofenaki hukuitaja kabisa kama tatizo. Ningekuwa nimekaa na wewe kliniki nikaruhusiwa kukuondolea dawa moja tu siku hiyo, ningeondoa diklofenaki na kukuachia omeprazoli. Inawezekana kabisa kwamba umekuwa ukiwasha moto kwa mkono mmoja na kuuzima kwa mwingine.

Kwa goti, anza na parasetamoli kwa kipimo sahihi au diklofenaki ya kupaka, punguza kubeba magunia, na daktari akuone hilo goti lenyewe. Angalia pia jina la dawa yako ya presha. Kama ni amlodipini, inaweza kulegeza ule mlango wa juu wa tumbo na kuongeza kiungulia. Usiiache, presha ni hatari. Ila mwambie anayekuandikia, dawa za presha ziko za aina nyingi.

Lazima niseme neno kwa wanaosoma jibu hili wakiwa na hali tofauti na yako, kwa sababu naogopa mtu ataacha dawa asiyopaswa kuiacha. Aliyewahi kutoka damu kwa kidonda, anayelazimika kutumia asprini ya moyo akiwa na umri mkubwa au pamoja na dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda, aliyeonekana kwa kamera kuwa koo la chakula limechubuka vibaya au limebadilika ngozi yake ya ndani: huyu dawa inamlinda na anaendelea nayo kwa miaka kwa haki kabisa. Dawa hizi zilipoanza kutumika mwaka 1988 zilibadilisha maisha ya watu ambao njia yao nyingine ilikuwa kisu. Anayetumia klopidogreli, dawa ya kuzuia damu kuganda, baada ya ugonjwa wa moyo amuulize daktari kuhusu kubadilishiwa pantoprazoli, kwa sababu omeprazoli na esomeprazoli hupunguza nguvu ya klopidogreli. Anayetumia dawa za kufubaza virusi zenye atazanaviri asichanganye na omeprazoli bila kuuliza. Na mwenye doluteguraviri, nayo ya kufubaza virusi, ajihadhari na vidonge vya magnesiamu vya kutafuna vinavyotuliza asidi: doluteguraviri imezwe saa mbili kabla yake au saa sita baada yake.

Kwako wewe, hivi ndivyo ningefanya. Wiki ya kwanza usipunguze chochote. Acha diklofenaki ya kumeza, na sahihisha saa ya kumeza omeprazoli, kabla ya chakula. Baada ya hapo ondoa kapsuli ya usiku, ukae na ile ya asubuhi kwa wiki mbili hadi nne. Ukiwa mtulivu, meza siku moja na kuruka siku moja kwa wiki mbili nyingine, kisha acha. Kitaalamu kuacha mara moja nako kunakubalika, lakini kwa mtu aliyekwisha kukesha usiku mmoja napenda ngazi. Siku za moto tafuna kidonge cha magnesiamu au meza dawa ya maji ya tumbo. Daktari anaweza pia kukupa famotidini, dawa nyingine ya kupunguza asidi, kwa muda. Wanaouliza habari za ranitidini, ndugu ya famotidini, hiyo iliondolewa sokoni Marekani mwaka 2020 kwa sababu ilikutwa na kemikali inayoweza kuleta saratani, sioni sababu ya kuirudia.

Ukishakaa wiki mbili bila omeprazoli, na wiki nne bila antibayotiki, nenda kapime kinyesi kwa ajili ya H. pylori. Ukipima ukiwa bado unatumia dawa, bakteria wanaweza kufichwa na kipimo kikakudanganya. Kile kipimo cha haraka cha damu kinachofanyika sehemu nyingi hakiwezi kutofautisha maambukizi ya leo na yaliyokwisha kupona, usitibiwe kwa hicho peke yake. Bakteria wakionekana, maliza siku zote 14, kisha upime tena angalau mwezi mmoja baadaye kuhakikisha wamekwisha.

Mambo ya nyumbani yanasaidia kuliko wengi wanavyodhani. Ukifunga duka usiku, ukala ugali ukalala papo hapo, asidi itapanda tu. Acha saa tatu kati ya chakula na kitanda. Inua miguu ya kitanda upande wa kichwa kwa matofali, kiasi cha sentimita 15 hadi 20. Mito mingi haifai kwa sababu inakunja tumbo. Kama uzito umeongezeka, kilo chache zikipungua utaona tofauti. Maziwa hupoza kwa dakika chache, halafu huchochea tumbo kutoa asidi nyingine. Juisi ya kabichi ni chakula kizuri, kunywa ukipenda, lakini haiondoi bakteria. Ninachokukataza ni kulamba magadi yale ya kupikia mlenda kila unapoungua: yana sodiamu nyingi, na wewe una presha.

Ukijaribu mara mbili kwa ngazi hizi na moto ukabaki palepale baada ya miezi miwili, basi pengine una kiungulia kinachohitaji dawa kweli. Hapo rudi kwenye kapsuli moja ya asubuhi, bila hatia, ukiwa umeshapimwa. Daktari akukague damu, B12, magnesiamu na figo kila inapobidi.

Yapo mambo ambayo hayasubiri ngazi yoyote. Chakula kukwama kinaposhuka, kupungua uzito bila kujua sababu, kutapika mara kwa mara, kuishiwa damu: haya yanataka kamera ya tumboni, na Dodoma hatuna haja ya kusafiri mbali, Hospitali ya Benjamin Mkapa ipo. Chakula kukwama nakisisitiza kwa sababu Afrika Mashariki ni moja ya sehemu zenye saratani nyingi ya koo la chakula, na omeprazoli inaweza kutuliza dalili huku miezi ikipotea. Kutapika damu, au kitu kama kahawa, au kupata choo cheusi kama lami chenye harufu kali, nenda hospitali saa hiyohiyo. Vidonge vya kuongeza damu navyo hufanya choo kiwe cheusi, lakini acha aliyekupima ndiye aseme hivyo. Na kwa sababu una presha, "kiungulia" kinachobana kifua, kinachokwenda kwenye taya au mkono, chenye jasho na pumzi kukata, kichukulie kuwa ni moyo mpaka ithibitike vinginevyo.

Hata kama huna dalili hizo, kwa umri wako, na miaka minne ya dawa na diklofenaki bila kipimo hata kimoja, ningependa uonwe na daktari mwezi huu, naye aamue kama kamera inahitajika. Beba maboksi yote ya dawa unazotumia, na ya goti usiyaache nyumbani. Mwambie ulianza lini, unameza saa ngapi, na nini kilitokea ulipoacha. Na aliyekutumia ule ujumbe, kama naye anatumia dawa hizi, mpigie umwambie asiache ghafla kabla hajajua kwa nini alianzishiwa.